Kunasa AM za mbali usiku: redio tupu, kitanzi, waya mrefu au simu?

Juzi saa tatu usiku redio ilikuwa dirishani, sindano imesimama kilohezi 1170, na mhubiri wa Eswatini anasikika utadhani yuko Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, na kipaza sauti. Jana saa ileile, dirisha lilelile, sindano sijaigusa: mvumo, kipande cha muziki ambao sikuutambua, kisha mvumo tena. Mke wangu akauliza kama nimeiangusha redio.

Sikuiangusha. Lakini maswali ninayoulizwa na wasikilizaji wa huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, huanzia hapohapo. Ninunue redio kubwa zaidi? Nivute waya hadi kwenye mparachichi? Nijaribu kile kitanzi cha mbao wanachotengeneza watu? Au niachane na haya yote nisikilize kwenye simu kama wanangu? Nimeishi na njia zote nne, kwanza Mafinga kwenye nyumba iliyozungukwa na misindano, sasa Mbeya mjini kwenye nyumba iliyozungukwa na chaja. Kila njia ina mtu wake.

Tuanze na anga

Mchana, mawimbi ya AM yanayopanda juu humezwa na tabaka la hewa lililochajiwa na jua, kilomita 60 hadi 90 juu yetu. Yanayobaki ni yale yanayotambaa ardhini, nayo huchoka mapema. Jua likizama, tabaka hilo la chini hutoweka upesi. Mawimbi sasa hupenya hadi matabaka ya juu zaidi, kilomita 100 na wakati mwingine karibu 300, nayo huyarudisha ardhini kama mpira uliogonga dari. Kwa kudunda mara moja tu, wimbi linaweza kutua kilomita elfu mbili kutoka lilikotoka. Kwa ndege arukavyo, Lilongwe iko kama kilomita 560 kutoka Mbeya, Nairobi kama 920, na Manzini ya Eswatini karibu 1,960, kusini moja kwa moja.

Shida ni kwamba dari lenyewe halitulii. Linapanda, linashuka, lina mikunjo kama Ziwa Nyasa upepo unapoanza. Wimbi la stesheni moja likikufikia kwa njia mbili zenye urefu tofauti, kuna sekunde yanapeana nguvu na kuna sekunde yanauana. Ndiyo maana sauti huja na kuondoka, na mara nyingine hupinda kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Juu ya hapo, stesheni za nchi mbili au tatu hutumia namba moja ya masafa, na kila usiku dari huamua nani atangulie. Hakuna kifaa cha kununua kinachotuliza dari. Liweke hilo akilini kabla hujatoa hela.

Saa nayo ina neno lake. Dar es Salaam jua huzama kama dakika 23 kabla ya Mbeya, kwa hiyo upande wa mashariki hufunguka kwanza na magharibi huchelewa. Alfajiri ni kinyume: mashariki ndiyo huwahi kupotea. Na majira pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zetu zinakuja na radi, na kila radi ni mkwaruzo kwenye AM, hata ile iliyopiga mbali sana huko Kongo, kwa sababu nayo inadunda kwenye dari lilelile. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, Njombe ikiwa na umande wa barafu, ndiyo msimu wetu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo matano: gharama na upatikanaji, mahali inapohitaji kukaa, inavyostahimili kelele za umeme na za radi, uwezo wa kuchagua upande, na mtu inayemfaa.

Utaona sikuandika “nguvu”. Sikusahau. Kwenye AM usiku, kelele inayotoka nje ya redio huwa kubwa kuliko kelele ya redio yenyewe. Antena kubwa huleta stesheni zaidi, na huleta kelele zaidi kwa kipimo hichohicho. Unachotafuta ni pengo kati ya stesheni na kelele. Watu wengi wamepoteza hela kwa kutafuta nguvu, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa.

1. Redio tupu, kama ilivyotoka kiwandani

*Gharama.* Huenda unayo tayari. Kitu cha kuangalia ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba ndani ya redio, maana hicho ndicho antena ya AM. Fimbo ile ya kuvuta, kwa redio nyingi, ni ya FM na masafa mafupi tu. Unaweza kuivuta hadi dari la nyumba, AM haitajua. Redio ya mfukoni ina kijiti kifupi kama kidole. Zile National za zamani zenye mkono wa kubebea zina kirefu zaidi, kwa hiyo redio ya babu iliyoko juu ya kabati usiigawe kwanza.

Ukinunua ya namba za dijitali, uliza hatua zake. Huku kwetu, kama Ulaya na Asia, stesheni za AM zimepangwa kila baada ya kilohezi 9. Marekani ni 10. Redio iliyowekwa hatua ya 10 itafika 1170 bila taabu, kwa sababu namba hiyo inagawanyika kwa 9 na kwa 10. Lakini 909 haitaikanyaga kamwe. Itakupa 900 au 910 na sauti iliyopinda. Jirani yangu alirudisha dukani redio nzima kabisa kwa sababu hii. Nyingi zina namna ya kubadili hatua, imeandikwa kwenye kile kikaratasi tunachotupa pamoja na boksi.

*Mahali.* Popote, ila si katikati ya nyumba yenye mabati. Bati hulizuia wimbi. Dirishani ni afadhali, barazani ni bora zaidi.

*Kelele na radi.* Inakimbilika, na hapo ndipo uzuri wake. Taa za LED, chaja za simu, inveta ya sola, televisheni ya jirani: vyote vinavuma kwenye AM. Lakini redio ya betri unaichukua mkononi unaondoka nayo. Mkwaruzo wa radi huwezi kuukimbia, ila mwili wako haumo hatarini zaidi ya kawaida.

*Kuchagua upande.* Kijiti husikia vizuri kinapokuwa kimempa stesheni ubavu, na huwa kiziwi ncha yake inapoielekea. Kwa hiyo izungushe redio taratibu kwenye meza. Kutoka Mbeya kuna kituko kimoja cha ramani: Dar na Lubumbashi ziko karibu kwenye mstari mmoja, kila moja upande wake. Ukiifungia Dar, umeifungia na Lubumbashi. Nairobi na Lusaka nazo zinakaribia kuwa hivyo. Mtu wa Iringa atakuta mistari mingine, achore yake mwenyewe kwa rula na ramani ya shule.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mpangaji, mlinzi wa usiku, anayesafiri. Na mtu yeyote aliye kijijini bila umeme wa gridi, kwa sababu huko redio tupu hufanya maajabu ambayo mjini yanahitaji vifaa.

2. Kitanzi

Huu ni msalaba wa mbao uliozungushiwa waya, na kondensa ya kuzungusha (kile kifaa ambacho redio za sindano hukitumia kuchagulia stesheni) kwenye ncha mbili za waya huo. Hakina betri wala hakiunganishwi na redio kwa waya wowote. Unakiweka karibu na redio, unazungusha kitasa, na stesheni iliyokuwa ikinong’ona inavimba ghafla. Mara ya kwanza nilipoona nilifikiri nimegusa kitasa cha sauti.

*Gharama.* Ndogo, ila inadai mikono yako. Kondensa toa kwenye redio kubwa iliyokufa. Mafundi redio wanazo kwenye makopo, na wengine watakuuzia kwa bei ya soda. Tafuta ile ya zamani ya mabamba ya chuma yanayoingiliana, yenye kama pikofaradi 365. Zile ndogo za plastiki zina uwezo mdogo, ingawa ukiunganisha sehemu zake mbili pamoja husogea. Waya nenda kwa wanaosuka mota, nusu ya kipande walichobakiza inakutosha. Kwa mraba wenye upande wa sentimita 60, mizunguko 14 hivi, ukiacha nafasi ya milimita saba kati ya mzunguko na mzunguko. Hiyo ni kama mita 34 za waya. Kwa mraba wa mita moja, mizunguko 10 inatosha. Ukikuta hakishuki hadi kwenye stesheni za chini kabisa karibu na 531, ongeza mzunguko mmoja. Kikigoma kupanda hadi 1600, punguza.

*Mahali.* Kona ya chumba karibu na dirisha. Cha mita moja kitaleta maneno nyumbani. Mimi nililazimika kukitundika nyuma ya mlango mchana, na wageni walidhani ni kifaa cha kufuma.

*Kelele na radi.* Hapa ndipo kinapowashinda wenzake mjini. Kitanzi kina pande mbili kiziwi, mbele na nyuma ya uso wake. Chaja ya chumba cha pili ikivuma, geuza kitanzi mpaka uso wake uielekee, mvumo unashuka na stesheni inabaki. Na kwa kuwa kinachagua masafa membamba, stesheni jirani yenye nguvu haikufuniki kirahisi. Dhidi ya radi ya mbali hakina dawa, ila kimo ndani ya nyumba, hakikuitii radi.

*Kuchagua upande.* Bora kuliko vyote, kwa tahadhari moja. Stesheni ya karibu inayotambaa ardhini unaweza kuiua kabisa kwa kukigeuza. Ile inayoshuka kutoka angani hufika kwa pembe inayobadilikabadilika, kwa hiyo kimya ulichokipata saa mbili hakitakuwepo saa mbili na robo. Utageuza tena.

*Inamfaa nani.* Mkaaji wa mjini, Soweto ya Mbeya, Kihesa na Gangilonga za Iringa, kokote nyumba zilikobanana na kila nyumba ina taa za bei rahisi. Anayefurahia kuchezea vitu. Asiyependa kuinuka kitandani kugeuza mbao atakichoka ndani ya wiki.

3. Waya mrefu

*Gharama.* Mita 20 au 30 za waya wowote, vihami viwili (kipande cha chupa ya plastiki kinatosha), na fimbo ya chuma ya kuchimbia ardhini. Redio nyingi za kawaida hazina tundu la antena ya AM, basi zungusha ncha ya waya mara tatu nne kwenye mwili wa redio, pale kilipo kijiti cha ndani, kisha peleka mwisho wake kwenye fimbo ya ardhini. Ardhi yenye unyevu kama ya Tukuyu inasaidia. Ya mchanga mkavu, mwagia maji.

*Mahali.* Unahitaji kiwanja na mti. Waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama ndiyo njia fupi ya kuufikia mti. Hilo halina mjadala.

*Kelele na radi.* Mafinga, waya wangu wa mita 30 kati ya misindano ulikuwa raha tupu. Botswana ya 909, ule mtambo wa kilowati 600 pale Selebi-Phikwe uliokuwa ukirusha Sauti ya Amerika hadi matangazo yalipokatizwa Machi 2025, ulikuwa ukiingia kama wa hapa wilayani. Nikahamia Mbeya mjini, nikafunga waya uleule, redio ileile: mvumo wa mtaa mzima ukaingia nao. Waya hauchagui. Tena ukiwa na mtambo wenye nguvu karibu, redio ya bei nafuu huzidiwa na kuonyesha stesheni hiyohiyo mahali pengi kwenye sindano.

Kuhusu radi sitapaka sukari. Waya ulioko nje Januari, Nyanda za Juu Kusini, ni kitu cha kuchomoa na kutupa nje kila ukimaliza kusikiliza, siyo mpaka usikie ngurumo. Msimu wa mvua mimi nilikuwa naushusha kabisa.

*Kuchagua upande.* Kwa urefu wa nyumbani, karibu hakuna. Mawimbi ya AM yana urefu wa mita mia mbili hadi mia tano na zaidi, mita 30 ni kipande tu. Uelekeo huanza kupatikana waya ukiwa wa mamia ya mita, karibu na ardhi, umenyooka kuelekea unakotaka kusikia. Mtindo huo unaitwa kwa jina la Mmarekani Harold Beverage, aliyepewa hataza yake mwaka 1921. Mwenye shamba la chai Mufindi anaweza kuujaribu kando ya mistari ya chai. Sisi wengine tutaishia kuusoma.

*Inamfaa nani.* Mwenye nafasi, ukimya wa umeme, na redio nzuri kidogo isiyozidiwa upesi. Makete, Ludewa, pembezoni mwa Sao Hill. Mwenye watoto wanaorusha vishada, afikirie mara mbili.

4. Simu na intaneti

*Gharama.* Simu unayo. Bando ndiyo gharama. Stesheni inayorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Usiku mzima, piga hesabu mwenyewe.

*Mahali.* Penye mtandao.

*Kelele na radi.* Hakuna mkwaruzo, hakuna kufifia. Kunakuwa na kukatika, ambako ni kitu kingine. Tatizo langu ni ucheleweshaji: jirani mwenye redio ameshashangilia goli, wewe bado mpira uko katikati. Na kumbuka chaja ya simu hiyohiyo ndiyo inayovuma kwenye AM ya aliyelala chumba cha pili.

*Kuchagua upande.* Unachagua stesheni kwa jina, basi. Ipo pia njia ya kuazima redio ya mtu mwingine: chuo kikuu cha Twente, Uholanzi, kina mtambo wa kupokelea ambao yeyote anaweza kuuzungusha kwa kivinjari. Mimi nimeupenda sana, lakini unakupa usiku wa Uholanzi. Anga la Mbeya haliko humo.

*Inamfaa nani.* Anayetaka habari na mpira, siyo safari ya kuzifikia. Simdharau, baba mkwe wangu alihangaika na waya miaka, siku alipowekewa stesheni yake kwenye simu alilala kwa amani. Ila stesheni isiyojirusha mtandaoni haipo kwa msikilizaji huyu. Simu pia hainasi AM kabisa. Ile redio ya ndani, kwa simu zenye nayo, ni FM.

Sasa, kwa hali yako

Umepanga chumba mjini na umeme hauishi kuvuma: kitanzi cha sentimita 60. Waya utakuongezea mateso.

Uko kijijini kwenye ukimya na hujawahi kujaribu: redio tupu barazani kwa kipupwe kimoja. Ukiona bado unataka zaidi, ndipo waya, na uushushe mvua zikikaribia.

Unafuatilia stesheni moja tu na huoni raha ya kusikiliza mikwaruzo: simu, kama inapatikana mtandaoni. Kama haipatikani, rudi kwenye kitanzi, kwa kuwa utakipanga mara moja kwa masafa hayo na kukiacha.

Unapenda kuvua, hujui leo utapata nini: redio yenye kijiti kirefu pamoja na kitanzi, na daftari la kuandika saa na namba. Saa moja jioni sikiliza mashariki, usiku wa manane popote, na kama una nguvu za kuamka, saa kumi na moja alfajiri geukia magharibi.

Hujui uko kundi gani? Chukua redio ya betri, iweke kwenye namba isiyo na stesheni, sauti juu kidogo, kisha mwombe mtu azime swichi kuu ya nyumba. Mvumo ukishuka, adui yuko ndani kwako: chomoa chaja moja moja mpaka umpate, huenda hutahitaji kununua chochote. Usiposhuka, tembea na redio kuelekea kwa majirani. Mahali unapotulia ndipo pa kuketi usiku, na kama hapo hapafai kuketi, tengeneza kitanzi.